Yakinge, Mkinge

Riziki mwanangu,

Maji ya lile pipa niliyamaliza mimi. Si wewe. Hukukifungua kile kibomba asubuhi ile, hukuchezea maji, hukuacha chochote wazi. Ni mimi dada yako, na kwa miaka sita sijamwambia mtu: si Baba, si Bi Mize, si yeyote niliyesoma naye. Wewe ndiye niliyeogopa kuliko wote kukwambia, na ndiye wa kwanza ninayekwambia.

Nimeanza na hayo kwa sababu najijua. Ningeanza kwa salamu, ningefika mwisho wa karatasi bado nakusalimu.

Sasa hivi ni baada ya alasiri. Umeshuka kwenda kuaga majirani, na kutoka hapa dirishani nasikia sauti yako kule uchochoroni, unaitikiwa marahaba nyumba baada ya nyumba. Sanduku lako nimeshalifunga kwa kamba. Kesho asubuhi Mjomba Haji atakuja kukuchukua, mtapanda gari la shamba mpaka Mkokotoni, mvuke Tumbatu kwa Bibi. Sitakuandikia kuhusu kanga zilizomo sandukuni, wala mafuta ya kichwa, wala kuamka mapema. Hayo unayajua, na usiyoyajua Bibi atakufundisha vizuri kuliko mimi. Nina karatasi tano tu na nataka zitoshe kwa jambo moja.

Watu hushangaa nikikuita mwanangu, mimi wa miaka kumi na saba na wewe wa kumi. Bibi ndiye aliyelianzisha. Siku ya tatu ya matanga ya Mama alikuchukua pale ulipokuwa umelala, akakuweka mapajani pangu, akasema, "Huyu sasa ni mwanao. Mimi nimeshazeeka, na babako yuko bandarini toka kuche mpaka kuchwa." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikushika vibaya, kichwa chako kikaning'inia, na wanawake wakanionesha namna ya kukupakata ijapokuwa ulikuwa mkubwa wa kutembea. Kwa hivyo hii ni barua ya mama kwa mwanawe, ingawa mama mwenyewe ametoka skuli juzi.

Ngoja nikueleze ya pipa.

Mwaka ule, ule uliofuata Mapinduzi, nilikuwa nimeanza kusali kwa kujiona mtu mzima. Kwenye chuo cha Kurani Mwalimu alitufundisha kutawadha, akasema kiungo kikibaki kikavu, hata penye ncha ya sindano, udhu haujatimia, na sala ya mtu asiye na udhu haipokelewi. Wenzangu walisikia hayo wakaenda zao kucheza. Mimi yaliniingia kichwani yakakaa. Nikinawa mkono nilikuwa nikiuona ule upande wa nyuma ya kiwiko, ambao macho hayafiki, na moyoni nasikia: pale, pale hapajarowa. Nanawa tena. Nikifika miguuni nimeshasahau kama nilisukutua mara tatu au mbili. Naanza upya.

Watu wanauita huo wasiwasi. Mimi sikujua kama una jina. Nilidhani ndio ucha Mungu, na nilidhani wenzangu wote wanafanya hivyo ila wana kasi kuliko mimi. Kumuuliza Mwalimu niliona haya. Mbele ya watoto arubaini, niseme nini? Na Mama alikuwa amekataza kutawadha kwa kibomba. Udhu ulikuwa kwa kata ya kifuu, na kila mtu kata moja. Kwa hivyo niliamka kabla ya wote, nikaingia bafuni peke yangu, nikafungua kibomba cha pipa kidogo tu, kisitoe kelele, nikanawa mpaka moyo ukachoka.

Unajua pipa letu lilivyo. Mfereji wa bomba uko chini uani, maji hutoka alfajiri, na tunayapandisha kwa ndoo mpaka juu. Wakati ule mfereji ulikuwa umekauka siku ya tatu. Walisema kuna bomba limepasuka. Nyumba nzima ilikuwa ikitumia akiba. Mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye homa, akitembea kwa kushika ukuta. Usiku kabla ya kulala alilipima pipa letu kwa kijiti, akasema, "Alhamdulillahi, tukiyatumia kwa adabu yatatufikisha keshokutwa."

Asubuhi ile nilitawadha mara ya kwanza, nikatilia shaka. Mara ya pili. Baada ya hapo sikumbuki hesabu. Nakumbuka kibomba kikianza kutoa uzi mwembamba, kisha tone, kisha tone. Nikakifunga, nikaenda kusali. Sala yenyewe sikuwa nikiisikia. Nilikuwa nikisikia matone.

Kulipopambazuka uliamka, ukaingia bafuni, ukakuta sakafu imejaa maji, ukaanza kuruka ndani yake. Mama akaja na kata yake mkononi. Akafungua kibomba. Akalipiga pipa kwa kiganja, likalia kama ngoma.

"Maji yako wapi?"

Bi Mize, ambaye chumba chake kilikuwa mkabala na chetu, akachungulia. "Mtazame nani karowa gauni," akasema. "Mchezo wa huyo ndio huo huo, kila siku namkuta na hicho kibomba."

"Riziki, nani kafungua maji?"

"Mimi," ukasema, ukacheka.

Ulikuwa na miaka minne. Siku hizo ukiulizwa nani mzuri, nani kala tende, nani kamwamsha Baba, jibu lako lilikuwa moja tu: mimi. Ulilipenda hilo neno. Mama naye alilijua hilo vizuri, na nadhani kama angekuwa na nguvu zake angenitazama mimi. Lakini alicheka, akasema, "Haya Bi Mimi, umetumaliza." Hakukupiga, hakukukaripia. Nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti na nywele za mbele bado zina maji. Hakuna aliyeniangalia. Ni faida ya kuwa mtoto mkimya. Na kwa mara ya kwanza niliitumia.

Hilo lilikuwa kosa la pili. La tatu hili hapa.

Mama aliniita, nikaitika naam. Akaniambia nishuke nikaombe ndoo moja kwenye kisima cha nyumba ya nyuma, ile yenye baraza wanapokaa wazee wanaocheza bao. Nipite mbele ya wanaume wote wale, nibishe hodi kwa watu nisiowazoea, niseme tumeishiwa. Na wakiniuliza yameishaje? Nilichukua ndoo, nikafika nusu ya ngazi, nikarudi. Nikajificha nyuma ya mlango.

"Hujenda tu?"

"Naona haya, Mama."

"Lete hiyo ndoo," akasema. Akajifunga kanga kiunoni. "Wewe haya zako siku moja zitatuua na kiu." Alikuwa akitania, Riziki. Mpaka leo nasikia jinsi alivyokuwa akitania.

Ngazi zetu unazijua, wima na giza, na ile ya tatu kutoka juu ukingo wake umelika. Nilimsikia amerudi kutoka kisimani, anapanda na ndoo imejaa. Nilisikia pumzi yake, na ndoo ikigonga ukuta kichwani mwake. Kisha nikasikia ndoo ikienda peke yake.

Nilipotoka alikuwa amelala pale zinapokata kona, na maji yanashuka ngazi kwa ngazi, bila haraka, kama mtu anayejua anakokwenda. Macho yake yalikuwa wazi. Alinitazama, midomo ikasogea, na neno lililotoka lilikuwa na mwisho bila mwanzo. Nilisikia "kinge." Pumzi ilikuwa imekula kilichotangulia.

Mama alikuwa na neno lake unaloweza kulikumbuka, kwa sababu nami nimelirithi. Mvua ikianza: "Yakinge hayo!" Mtu akikosha mchele: "Yakinge." Alizaliwa Tumbatu, ambako maji ya kunywa yalikuwa yakivushwa kutoka huku, na kwake yeye maji yaliyoanguka chini bila ya chombo yalikuwa kama mgeni aliyefika mlangoni asikaribishwe. Basi mimi sikufikiri. Nilisikia yakinge. Nilikimbia nikachukua bakuli la bati, nikampita Mama, nikashuka mpaka ngazi ya mwisho, nikaliweka bakuli chini ya maji.

Watu walipokuja walinikuta hapo. Bi Mize alipiga yowe, kisha akasema, "Mtoto kapigwa na bumbuwazi, mwondoeni." Nilikuwa nimekinga kiasi cha kikombe.

Mama hakusema tena. Alifariki kesho yake, na asubuhi ya maziko mfereji ulirudi kwa nguvu, ukitema maji mekundu kwanza, kisha meupe. Wanawake waliomkosha hawakuhitaji kwenda kuomba kwa mtu. Nilikaa juu nikisikia maji yanavyomwagwa, ndoo baada ya ndoo, na nilitaka kupiga kelele kwamba yatosha.

Kwenye matanga ndiko kisa kilikokamilika. Kila aliyeingia aliuliza imekuwaje, na kila aliyejibu alisema mtoto mdogo alifungua maji, maskini, hajui hili wala lile. Walikusamehe mbele yangu mara mia. Unaelewa, mwanangu? Mtu hasamehewi mpaka kwanza awe amekosa. Baadaye watoto wa uchochoroni wakakuita Mfereji, na ukaitika, kwa sababu ulikuwa mtoto wa kuitika.

Sasa nikwambie nilichofanya miaka sita. Nilikinga maji.

Nilifunga bati chini ya mlizamu wa paa ili mvua iingie kwenye pipa la pili. Maji ya kukoshea mchele nikayatia vyombo, ya vyombo nikayatia kwenye makopo tuliyootesha rehani. Maji ya udhu wetu nikayakinga kwenye beseni nikakoshea ngazi. Masufuria nikayasugua kwa jivu na kumbi la nazi badala ya kuyamiminia. Vifuu sikutupa hata kimoja, vilikwenda motoni ili makaa yadumu. Taa ya mafuta moja, sote tukakaa mbele yake, Baba akishona shati, wewe ukiandika, mimi nikisoma. Bi Mize alipohamia kwenye nyumba za ghorofa kule Kikwajuni alituaga kwa kicheko: "Nakwenda kwenye mfereji wa jikoni miye. Nyumba hii mwisho mtakinga hata jasho."

Nikasifiwa. Hilo ndilo lililonitesa zaidi. Mwaka jana mwalimu wetu wa sayansi alinisimamisha mbele ya darasa niwaeleze wenzangu tunavyotunza maji nyumbani. Nilisimama. Niliona ngazi. Nikakaa tena kitini, na mwalimu akasema kwa upole, "Mwanahawa ana haya, lakini mfano wake tuuige." Wakanipigia makofi.

Nilidhani nikikinga ya kutosha, ipo siku nitafikia kiasi cha ndoo ile moja, na sauti itanyamaza. Hainyamazi. Hadi leo alfajiri, kabla mfereji haujatoka, nasikia ndoo ikigonga ukuta wa ngazi, mara tatu, kisha kimya. Nikienda kuangalia, ngazi ya tatu ina unyevu. Baba anasema ni ukuta wa chokaa unatoka jasho. Huenda.

Kuna siku ningeweza kukwambia. Ulikuwa na miaka saba, homa imekushika, midomo imepasuka. Nilikuletea kata ya maji. Ulipiga funda moja ukairudisha.

"Kunywa, mwanangu."

"Yamebaki mangapi?"

"Mengi. Kunywa."

"Nikiyamaliza, nani atakwenda kuteka?"

Niliirudisha ile kata midomoni mwako. Nilitaka kukwambia. Badala yake nikasema, "Kunywa tu, usiwe na maneno mengi," nikatoka nje nikasimama roshani mpaka ulipolala. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikutazama unavyokunywa. Hujawahi kumaliza kata, Riziki. Daima unabakisha kidogo, unarudisha mtungini.

Na kisha Bibi akaja mwezi uliopita. Amechoka kukaa peke yake, na mimi sasa nasubiri kupangiwa kazi, na Baba akasema afadhali uende. Bibi akasema kwa mzaha, kama kawaida yake, "Nipeni huyo Mfereji wangu. Kwetu hata mfereji wa kuuacha wazi hakuna, atatulia." Tukacheka sote. Ulicheka na wewe. Halafu nikakuona unaondoka polepole, unaingia bafuni, unakikaza kibomba cha pipa. Ukatoka. Ukasimama. Ukarudi ukakikaza tena. Mara ya tatu ulikishika kwa mikono miwili na macho umefumba.

Nilijiona mimi. Nilimwona yule mtoto wa miaka kumi na mmoja na kiwiko chake. Nilikuwa nimekupa si hatia yangu peke yake bali na ugonjwa wangu, bila hata kukwambia jina lake.

Kesho yake nilikwenda kwa mke wa Mwalimu. Nilibisha hodi, nikasimama nyuma ya pazia, nikamuuliza swali nililolibeba miaka sita. Alikuwa akichambua mchele. Hakuacha hata kuchambua. "Kosha mara tatu, kisha geuza mgongo," akasema. "Shaka ikikuita nyuma usiitike. Na kufuja maji kwa kutawadha nako ni kosa, hujasikia? Hata ungekuwa umekaa mtoni." Basi. Hayo tu. Swali lenyewe halikuchukua hata muda wa kuchambua sahani moja. Nilirudi nyumbani nikijiuliza ingekuwaje kama ningeliuliza mapema, na nimejizuia kulijibu hilo, kwa sababu halina jibu ambalo mtu anaweza kukaa nalo.

Lakini njiani nikaanza kulisikia upya lile neno la Mama.

Kinge. Nilidhani yakinge. Sasa, nani aliyekuwa amesimama nyuma yangu juu ya ngazi, miguu mitupu, gauni limerowa, akitaka kushuka kumfuata? Ni wewe. Mama alikuwa akitazama juu, Riziki. Hakuwa akitazama maji. Maji yalikuwa yakishuka nyuma ya kichwa chake, hakuweza kuyaona. Huenda alisema mkinge. Mkinge mdogo wako.

Sijui. Silabi moja imekwenda naye kaburini na hakuna wa kunirudishia. Ninachojua ni kwamba nimeyakinga maji miaka sita na wewe sikukukinga hata siku moja. Nilikuacha usimame kwenye mvua yangu.

Unakwenda mahali ambapo watu wanajua thamani ya maji kuliko sisi, na utatunza, kwa sababu ndivyo nilivyokulea. Sitaki uache. Ila nataka ujue tofauti niliyochelewa kuijua. Mama alipima pipa kwa kijiti, lakini mpita njia akiomba maji alimpa kata imejaa mpaka mdomoni, na akasimama kumtazama akinywa kwa furaha. Mimi nilipima kwa kijiti hicho hicho na moyo unadunda. Yeye alitunza ili watu wanywe. Mimi nilitunza ili nisisikie sauti. Wewe tunza kama Mama. Na kibomba ukikikaza mara moja, geuza mgongo.

Huenda ukanichukia. Utakuwa na haki, na sitakuandikia kukubembeleza. Nitasubiri.

Nasikia unapanda ngazi. Nimalize.

Chini ya kanga ya juu sandukuni kuna karatasi nyingine imekunjwa mara nne. Ni ya Bibi. Herufi hizi zetu za skuli hazijui, kwa hivyo nimemwandikia kwa zile za Kiarabu, aisome mwenyewe, usilazimike wewe kumsomea dhambi yangu kwa kinywa chako. Nimemwambia yote, na nimemwomba asikuite tena lile jina. Baba nitamwambia mimi, kesho, akirudi bandarini, kabla hajavua shati la kazi. Nimeamua kusimama pale pale kizingitini.

Lakini mkiwa garini na Mjomba Haji, na mkiwa mnavuka, usimwambie mtu. Nataka wasikie kwangu kwanza, si kwako. Miaka yote umeyabeba wewe, hata kuyatua usiyatue wewe. Ukifika, mpe Bibi karatasi yake, kisha omba maji. Ukipewa kata, imalize, mpaka uone chini. Siri hii nakuomba uifiche mpaka hapo tu, mwanangu. Mpaka kata iwe tupu.

Dada yako,
Mwanahawa